Je, ECG ya kwanza ikiwa ya kawaida, mshtuko wa moyo utatambuliwaje?

Swali: "Mimi ni tabibu, na huu ni mwaka wangu wa kwanza katika kitengo cha dharura. Alikuja mwanamume wa miaka 52 akilalamikia maumivu ya chembe cha moyo yaliyomwanza saa moja kabla. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ilikuwa ya kawaida, kipimo cha damu cha troponini kilikuwa ndani ya kiwango, na nilipompa dawa ya kupunguza asidi akasema amepata nafuu. Nikamruhusu aende nyumbani na dawa za tumbo. Alfajiri alirudishwa akiwa na mshtuko wa moyo ulio dhahiri. Amepona, lakini tangu siku hiyo kila anayeingia ameshika kifua ananitia hofu. Nilikosea wapi, na nitautambuaje ugonjwa huu kwa mtu mwenye maumivu ya kifua?"

Jibu:

Ndugu tabibu, nafurahi kwamba mgonjwa wako amepona, na nashukuru kwamba umeuliza, kwa sababu wengi waliopatwa na jambo kama hili hulificha na kubaki nalo peke yao. Nimesoma maelezo yako mara kadhaa na sioni mahali ulipozembea. ECG uliifanya, troponini ilikuwa ndani ya kiwango kweli, na nafuu aliyoipata mgonjwa haikuwa ya kubuni. Tatizo ni kwamba mambo hayo matatu yote yalitazamwa mara moja tu, saa moja tangu maumivu yaanze, wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa bado unajengeka, na jibu la saa hiyo likachukuliwa kuwa jibu la usiku mzima.

Ili hilo lieleweke, tukumbuke kinachotokea ndani ya mshipa. Katika mishtuko mingi ya moyo, utando wa mafuta uliojijenga kwa miaka katika ukuta wa mshipa unaoulisha moyo hupasuka au kuchubuka, chembe sahani za damu hukusanyika penye jeraha, na damu huanza kuganda. Donge hilo haliendi kwa mwendo mmoja. Linaweza kuziba nusu ya njia, likayeyuka kidogo, damu ikapita, kisha likaziba tena, na hali hiyo ikaendelea kwa saa kadhaa au hata siku kabla mshipa haujafunga kabisa. Ndiyo maana maumivu huja na kutulia, na ndiyo maana ECG iliyochukuliwa wakati damu imepata upenyo inaweza kuonekana kama ya mtu mzima wa afya. Mshipa ukishafunga kabisa, misuli huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, kuanzia tabaka la ndani ikielekea nje, na kila saa inayopita bila damu kurudi huongeza ukubwa wa sehemu isiyoweza kuokolewa tena.

Nianze na troponini, kwa kuwa nadhani ndiyo iliyokutuliza zaidi. Hii ni protini iliyomo katika nyuzi zinazoifanya misuli ya moyo ijikunje, na huvujia kwenye damu seli zinapoumia. Kuvuja huko kunahitaji muda. Kwa vipimo vya zamani, huchukua saa 3 hadi 6 tangu maumivu yaanze kabla kiwango hakijapanda kiasi cha kuonekana. Vipimo vipya vyenye unyeti mkubwa vimeufupisha muda huo sana, lakini navyo haviwezi kuona kitu ambacho bado hakijafika kwenye damu. Troponini ya saa ya kwanza, ikiwa ndani ya kiwango, inakueleza hali ya misuli ilivyokuwa kabla ya dakika ile uliyotoa damu, na haisemi lolote kuhusu dakika zinazofuata.

Kwa sababu hiyo tunatafuta mwendo wa troponini kuliko namba moja. Fasili ya kimataifa ya mshtuko wa moyo, ambayo toleo lake la nne lilitoka mwaka 2018, inataka kiwango kiwe kinapanda au kushuka, angalau kipimo kimoja kiwe juu ya kile ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya hawakivuki, na pawepo pia dalili, badiliko la ECG au ushahidi mwingine kwamba moyo ulikosa damu. Kipimo chenye unyeti mkubwa hurudiwa baada ya saa 1, 2 au 3 kulingana na utaratibu wa maabara yako. Kile cha zamani hurudiwa baada ya saa 6 hivi. Kipimo kimoja kinatosha katika hali moja tu, yaani kiwe cha unyeti mkubwa, kitoe kiwango cha chini sana, na maumivu yawe yalianza zaidi ya saa 3 kabla ya damu kutolewa. Mgonjwa wako hakuwa ametimiza sharti hilo la mwisho, na hilo pekee lingetosha kumbakiza kitandani. Kinyume chake pia ni kweli: figo zilizoshindwa kazi, maambukizi makali, uvimbe wa misuli ya moyo, moyo unaokwenda mbio kupita kiasi na donge la damu kwenye mapafu, vyote vinaweza kupandisha troponini bila mshipa wa moyo kuziba, kwa hiyo namba kubwa nayo huhitaji kusomwa pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Sasa ECG. Kanuni inayofahamika ni kwamba ichukuliwe na isomwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na ninaamini hapo hukukosea. Kinachosahauliwa ni nusu ya pili ya kanuni hiyo: mgonjwa akiendelea kuumwa, au maumivu yakibadilika, ECG irudiwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika saa ya kwanza, na irudiwe mara moja maumivu yanaporejea baada ya kutulia. Karatasi na dakika chache haziwezi kulinganishwa na thamani ya kuona mstari ukibadilika kati ya karatasi ya kwanza na ya tatu. Kama mgonjwa ana ECG ya miaka iliyopita, itafute, kwa maana badiliko dogo ambalo macho hayalioni kwenye karatasi moja huonekana wazi karatasi mbili zikiwekwa sambamba.

Sehemu ya ST (kipande cha mstari wa ECG kinachofuata wimbi kubwa la pigo) iliyoinuka ndiyo tunayoifundisha kwanza: milimita 1 au zaidi katika lidi mbili zilizo jirani (lidi ni pande ambazo ECG huutazama moyo, kila moja na jina lake, kama V2 au aVL), isipokuwa V2 na V3, ambako tunadai milimita 2 kwa mwanamume wa miaka 40 na kuendelea, 2.5 kwa aliye chini ya umri huo, na 1.5 kwa mwanamke. Vipimo hivyo vina faida yake, lakini vimewafanya wengi waamini kwamba chini ya hapo hakuna kitu. Jizoeze kutazama zaidi. Mawimbi ya T, yanayofuata sehemu ya ST, yaliyonenepa na kurefuka kuliko kawaida huweza kutangulia kuinuka kwa ST kwa dakika kadhaa. Kwa mtu mwenye maumivu ya chembe, tazama aVL kabla hujaigeuza karatasi, kwa sababu ST inayoshuka hapo, hata kidogo, mara nyingi huwa ishara ya mapema kwamba ukuta wa chini wa moyo unakosa damu, wakati lidi II, III na aVF bado hazijasema lolote la wazi. ST iliyoshuka kuanzia V1 hadi V3 inaweza kuwa kivuli cha mshtuko ulio upande wa nyuma, ambao lidi 12 za kawaida haziutazami ana kwa ana. Ongeza V7, V8 na V9 mgongoni, chini ya bega la kushoto. Na ukuta wa chini ukiwa umeguswa, weka V4R upande wa kulia, maana ventrikali ya kulia (chumba kinachosukuma damu kwenda mapafuni) ikiwa nayo imeumia, nitrati (dawa za kutanua mishipa) zinaweza kuliangusha shinikizo la damu ghafla.

Lipo jambo jingine ambalo nalitaja kwa sababu linamhusu hasa mgonjwa aliyetulia. Mawimbi ya T yaliyopinduka kwa kina, au yanayopanda kisha kushuka chini ya mstari katika V2 na V3, kwa mtu ambaye maumivu yamekwisha, huashiria kwamba mshipa mkubwa wa mbele ulikuwa umebana na sasa umefunguka kidogo. Mtu huyo atakuambia yuko salama na anataka kwenda nyumbani. Hayuko salama, na wala hafai kupelekwa kwenye kipimo cha kukimbia juu ya mashine.

Nafika kwenye nafuu aliyoipata kwa dawa ya asidi, ambayo nadhani ndiyo iliyomfungulia mlango wa kutoka. Nafuu hiyo haithibitishi kwamba shida ilikuwa tumboni. Maumivu ya moyo hupungua yenyewe donge linapolegea, na likilegea dakika kumi baada ya dawa, dawa ndiyo hupewa sifa. Nitrati nazo zina tatizo hilohilo kutoka upande wa pili: hutuliza pia misuli ya umio, hivyo kupata nafuu kwa nitrati hakuthibitishi ugonjwa wa moyo, na kukosa nafuu hakuukanushi. Mimi huandika kwenye faili kwamba mgonjwa alipata nafuu, lakini siruhusu maneno hayo yabadili uamuzi wangu.

Pia maumivu ya chembe si mgeni katika ugonjwa huu. Neva zinazobeba hisia kutoka moyoni huingia katika uti wa mgongo karibu na zile zinazotoka kwenye umio, mikono, taya na sehemu ya juu ya tumbo, na ubongo hushindwa kupambanua chanzo. Ukuta wa chini wa moyo umelala juu ya kiwambo, jirani kabisa na tumbo, na mshtuko wa upande huo huja mara nyingi na kichefuchefu, kutapika na mapigo ya polepole. Wahenga walipoliita eneo hilo chembe cha moyo walitupa tahadhari ambayo tabibu hapaswi kuipuuza: mtu mzima anayelishika mahali hapo afanyiwe ECG, hata akisema mwenyewe kwamba ni vidonda vya tumbo.

Kuhusu maelezo ya mgonjwa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo tabibu anapoweza kupata mengi bila mashine yoyote. Ukimwuliza mtu, "Je, una maumivu ya kifua?" huenda akajibu hapana, na akawa anasema kweli. Wengi wenye mshtuko wa moyo hawaumwi kwa namna wanavyolielewa neno kuumwa. Wanabanwa, wanakandamizwa, wanahisi uzito kana kwamba wamewekewa jiwe, wanahisi kukabwa au kuungua. Tabibu Mwingereza William Heberden alipoeleza hali hii mjini London mwaka 1768, aliipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kukabwa. Basi uliza, "Unahisi nini hapo?" kisha nyamaza, umwache atafute neno lake mwenyewe. Baada ya hapo uliza alikuwa akifanya nini ilipoanza, imechukua dakika ngapi, imewahi kumjia siku za karibuni akipanda ngazi au akibeba mzigo, na kama sasa inamjia kwa kazi ndogo kuliko zamani. Maumivu yanayozidi kukaribiana ndani ya wiki mbili, kutoka mlimani hadi uwanda na kutoka uwanda hadi kitini, ni onyo hata kama leo vipimo vyote ni safi.

Yapo mambo yanayoongeza shaka yangu zaidi kuliko mengine: maumivu yanayosambaa hadi mikono yote miwili au mkono wa kulia (ule wa kushoto umezoeleka mno masikioni, lakini hauna uzito kuuzidi wa kulia), yanayoletwa na kazi ya mwili, yanayoambatana na kutapika au kijasho chembamba. Jasho la baridi linaloonekana kwa macho halipaswi kupita bila kuulizwa. Yanayopunguza shaka ni kichomi kinachozidi mtu akivuta pumzi, maumivu yanayobadilika akigeuka, au yanayopatikana ukibonyeza sehemu moja kwa kidole. Nasema yanapunguza, kwa sababu hayaondoi. Wapo wenye mshtuko wa moyo ambao kifua chao kinauma kikibonyezwa.

Wapo pia wasio na maumivu ya kifua kabisa. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, uliohusu wagonjwa zaidi ya 430,000 waliothibitika kuwa na mshtuko wa moyo, theluthi moja walifika hospitalini bila maumivu ya kifua. Walikuwa wazee zaidi, na wanawake na wenye kisukari walikuwa wengi miongoni mwao. Walichelewa kufika, walichelewa kutibiwa, na asilimia 23.3 walifia hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 9.3 ya waliokuwa na maumivu. Kwa watu hao ugonjwa hujitokeza kama kukosa pumzi, uchovu usioelezeka, kuzimia, kuchanganyikiwa ghafla kwa mzee, au kichefuchefu na udhaifu kwa mwenye kisukari. Naumia kila ninapoona mwanamke mwenye dalili hizi akiambiwa ana wasiwasi tu kabla hata ya kufanyiwa ECG.

Sigara, kisukari, shinikizo la damu, lehemu na historia ya familia hutabiri vizuri nani atapata ugonjwa wa moyo katika miaka ijayo. Usiku wa dharura havisaidii sana kuamua kama maumivu ya leo ni ya moyo. Uviulize, uviandike, lakini usimruhusu mtu kwa sababu hana hata kimoja.

Wakati unatafuta mshtuko wa moyo, usisahau magonjwa mengine yanayoua kwa haraka na yanayoanzia kifuani: kuchanika kwa ukuta wa aota, ambako maumivu huwa makali kabisa tangu sekunde ya kwanza, hupasua hadi mgongoni na huenda mapigo ya mikono miwili yakatofautiana, donge la damu katika mapafu, hewa iliyobana pafu, na kutoboka kwa umio baada ya kutapika kwa nguvu. Aota nakusisitizia, kwa kuwa mgonjwa huyo akipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kudhaniwa ana mshtuko wa moyo, anaweza kufa kwa dawa hiyo.

Pengine umesikia kuhusu alama za HEART, utaratibu uliobuniwa Uholanzi, unaotoa pointi 0 hadi 2 kwa kila moja ya mambo matano: maelezo ya mgonjwa, ECG, umri, vihatarishi na troponini. Anayepata pointi 0 hadi 3 huhesabiwa kuwa na hatari ndogo. Ni chombo kizuri na ninakitumia. Lakini mhesabie mgonjwa wako: pointi 1 ya umri, 1 ya maelezo yenye utata, pengine 1 ya vihatarishi, na sifuri kwa ECG na troponini. Angepata 2 au 3, na angeruhusiwa vilevile. Ndiyo sababu utaratibu ulioboreshwa baadaye ulidai troponini ya pili baada ya saa 3 kabla ya mtu kuachiwa. Alama hizo haziwezi kuwa na uhakika kuliko vipimo vinavyoingizwa ndani yake.

ECG ikionyesha mshtuko ulio dhahiri, usingoje troponini. Mpe aspirini miligramu 150 hadi 300 aitafune, isipokuwa kama ana mzio nayo au anavuja damu. Katika utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, aspirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa zaidi ya moja ya tano katika wiki 5. Muunganishe na mashine inayofuatilia mapigo, na mashine ya kuushtua moyo iwe karibu, kwa maana wengi wanaokufa katika saa ya kwanza hufa kwa moyo kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Oksijeni mpe kama kiwango chake kimeshuka chini ya asilimia 90. Kama mshipa unaweza kuzibuliwa kwa katheta ndani ya dakika 120, apelekwe. Kama haiwezekani na hazijapita saa 12, apewe dawa ya kuyeyusha donge mahali alipo, baada ya kuhakikisha hana sababu ya kuizuia.

Kuhusu hofu yako, watu wengi wanaokuja na maumivu ya kifua hawana mshtuko wa moyo, na huwezi kuwalaza wote. Hata katika hospitali 10 za Marekani zilizochunguzwa katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2000, kati ya wagonjwa 889 wenye mshtuko wa moyo, 19 walirudishwa nyumbani kimakosa, na ECG ya kawaida ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowapotosha matabibu. Hofu uliyonayo itapungua ukiwa na utaratibu wa kuufuata. Mgonjwa mwingine wa aina hii akija, andika juu kabisa ya karatasi saa maumivu yalipoanza na saa yalipokuwa makali zaidi. Chini yake andika saa ya ECG ya kwanza na saa ambayo ya pili inapaswa kufanywa, kisha saa ya troponini ya kwanza na ya pili. Mwulize mwenyewe anajisikiaje kila unapopita, badala ya kusoma alichoandika mwenzako. Zamu ikibadilika kabla ya kipimo cha pili, mkabidhi mwenzako saa hizo kwa mdomo na kwa maandishi, kwa sababu wagonjwa wengi hupotea katika pengo hilo.

Na unapomruhusu, baada ya vipimo vyote kurudiwa na kuwa safi, kaa naye dakika mbili. Mwambie kwamba leo hamjaona dalili za mshtuko wa moyo, kwamba bado anahitaji kuchunguzwa zaidi katika siku chache zijazo, na kwamba kifua au chembe kikimbana tena kwa zaidi ya dakika 10, au akitokwa na jasho la baridi, arudi kwa gari la wagonjwa bila kujiendesha mwenyewe, hata kama ni nusu saa tu tangu aondoke, na kwamba hakuna atakayemlaumu kwa kurudi.